Dumu Chini ya Kitanda

Kabla ya vidonge, Mihayo alilaza kichwa
kwenye sakafu ya saruji, akitafuta ubaridi,
na nusu ya Isevya ilijua anatapika alfajiri,
kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti.

Daktari alituonyesha picha: kitu cheupe, kama karanga.
"Kinachombana zaidi ni uvimbe ulioizunguka."
Akaandika deksa. Mbili asubuhi, mbili mchana.
Mimi, dada mtu, nikachora jedwali
nyuma ya kalenda ya chama cha tumbaku.

Siku ya tatu aliamka akipiga mluzi.
Akala ugali wa watu wawili, akauliza ukoko,
akatengeneza mlango uliokuwa ukilia tangu msiba wa baba.
Mjomba Kapela akasema, "Kapona huyu. Apasuliwe nini?"
Nami, Mungu anisamehe, kwa nusu saa nilimwamini.

Nesi Nyanzala ndiye aliyenikalisha chini:
"Dawa hii haimtoi mgeni.
Inafagia njia tu, apite mwenye kisu."

Uso ukajaa, mashavu yakameza macho.
Usiku alizunguka uani akihesabu mabati kwa sauti,
akagombana na ndoo.
Kidole kikatobolewa: sukari kumi na tisa.
Na binamu alikuwa ameleta asali kutoka Sikonge,
dumu la lita tano, "ya kumpa nguvu."
Nililisukuma chini ya kitanda
kama mtu anayeficha gongo.

Treni. Mwanza. Saa sita kwenye benchi.
Karanga ilitoka.
Kidonda ndicho kilichogoma: siku ya tisa nyuzi zililowa,
bandeji ikawa rangi ya chai ya maziwa,
wakasema sukari, wakasema vijidudu,
wakasema dawa ile ile iliyomfikisha mezani
huichelewesha ngozi kushikana.
Nilitafuta wa kumkasirikia. Sikumpata.

Tumerudi. Sasa tunashuka ngazi,
kwa kuwa deksa haikatwi ghafla:
moja na nusu, moja, nusu.
Nusu naikata kwa wembe juu ya sahani.
Kidonda kimefunga, isipokuwa pale nyuma ya sikio
ambapo bado naweka pamba na kunyamaza.

Leo asubuhi, sukari saba.
Mihayo akapiga magoti, akalivuta dumu,
akaligonga kwa ukucha.
"Imeganda," akasema.
Akalirudisha taratibu,
kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa haushiki.