Tuta la Mpaka

Isongole, mwaka wa tisini na tatu.
Ukungu umelala dirishani mwa chama cha msingi,
nami karani, koti juu ya koti,
nimefungua kazi mbili kwenye kompyuta moja:
hesabu ya pareto, na barua
kwa Lugano, aliyeko Chunya.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa shamba moja refu
lisilo na tuta wala mti wa mpaka.
Barua ilirefuka (nilikuwa na mengi),
ikavuka, ikalima kwa jirani.

Kilo arobaini na mbili za Ambakisye Mwasomola
zikasomeka: nakukumbuka sa
Kisha kioo kikaganda
kama maji ya ndoo mwezi wa saba.

Ambakisye hakufoka. Aliuliza tu,
"Hiyo barua ni mwizi?"
Sikuwa na jibu. Haikuiba;
hakuna aliyeiambia kwake kunaishia wapi.
Tukapima upya magunia yote, kwa kalamu,
hadi karabai ikaishiwa mafuta.

Ilipokuja mashine ya pili, yenye mlinzi ndani,
programu ikikanyaga tuta huuawa palepale, peke yake,
na hesabu zikaendelea kana kwamba hapakuwa na msiba.
Nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Lugano hakuijibu barua niliyoiandika upya.
Ila Ambakisye, tukikutana mnadani,
hasemi habari wala ugonile.
Anainua kofia: "Nakukumbuka sa!"
Nami namjibu:
arobaini na mbili.