Chini ya Mpini

Bwana Zdzisław ameleta tano,
zimefungwa karatasi ya nta, zinanuka ghala;
kazinunua mnadani kwa kilo, kama viazi.
Radom, Novemba. Saa tisa mchana taa zimeshawashwa.
Bogumiła anamaliza tango lake la siki,
anapangusa vidole kwenye aproni,
hasemi karibu.

Ya kwanza yang'aa. Nyeusi ya kunguru,
nyeusi ya kiatu cha bwana harusi.
"Tazama hiyo!" asema mwenyewe.
Anaiinamisha chini ya taa, hatazami mng'ao,
anatazama herufi: kingo zake zimelainika,
tai wa kwenye nembo amebaki kuku aliyenyonyolewa.
Mtu alipiga msasa mpaka akafuta jina,
kisha akapaka rangi juu ya vishimo vya kutu
kama apakaye poda juu ya ndui.
Kizuri chajiuza, nasema kimoyomoyo,
na hiki kimekuja kujitembeza.
Kadi: Ya pambo. Isifyatuliwe.

Ya pili anaitikisa karibu na sikio.
Kitelezi kinacheza kwenye reli, kech, kech,
kama jino linalosubiri uzi.
Anamulika kinywani mwa mtutu, ananiita:
"Unaona nini?"
Naona mifereji ikijizungusha,
na katikati, pete ya giza.
"Risasi ilikwama hapo, nyingine ikaifuata.
Umevimba. Upapase kwa nje."
Napapasa. Kidole kinaijua ile pete
kabla jicho halijaiamini.

Ya tatu, ya nne, zapita haraka:
springi iliyochoka, nambari zisizooana,
fremu ya hii, mtutu wa ile,
ndoa ya ghalani.

Ya tano hata Zdzisław anaionea haya.
Mashine imeikwaruza ubavu mzima,
shamba lililolimwa usiku na mlevi.
Ni ya mwaka wa mwisho wa vita,
wakati walioukalia mji walihesabu vipande,
hawakuhesabu vidole.
"Chuma kibovu," asema. "Takataka."

Bogumiła anafungua skrubu mbili, anauvua mpini.
Kikulacho ki nguoni mwako:
kutu haipendi uso, hupenda jasho la kiganja
lililojificha chini ya mbao miaka themanini.
Hakuna. Grisi kavu tu, rangi ya asali.
Anachukua tupa nyembamba, anatafuta pasipoonekana,
anasukuma mara moja.
Tupa inateleza, inalia sauti nyembamba,
haipati cha kung'ata.
"Feleji," asema.
"Walimharakisha fundi. Tanuri hawakuliharakisha."

Kisha anasita.
Ndani ya fremu, kando ya tundu la springi,
ukingo umepigwa tupa kwa mkono,
michirizi mifupi, sawasawa, yote ikiinamia kulia,
mahali ambapo mkaguzi asingefungua,
ambapo hakuna aliyelipwa kulainisha.
"Wa mkono wa kushoto," asema. Basi.
Redio inaendelea kutaja bei ya makaa.

Nilitaka kuuliza: mtu anayelishwa supu ya maganda,
anayemuundia silaha yule yule aliyemfunga,
analainisha ukingo kwa nini?
Ni mazoea? Ni kiburi?
Au alihofia kukikata kidole
cha atakayeifungua, yeyote yule, siku yoyote ile?
Sikuuliza. Bogumiła mwenyewe, nimemwona,
tango hulikata kwa mkono wa kushoto.

Zdzisław anataka ing'arishwe, kidogo tu,
wanunuzi wanapenda kung'aa.
Anarudisha skrubu, robo mzunguko, robo tena,
bisibisi haiachi kovu.
"Ukiigusa kwa msasa, usinirudie na nyingine."

Ananisukumia kadi. Naandika kwa mwandiko wangu mbovu:
Sura mbaya. Chuma kizima.
Anaisoma, anachukua kalamu,
anakata maneno mawili ya kwanza.