Leo Bure

Gyumri theluji haianguki, inahamia.
Inakuja Novemba na mizigo yake, inakaa.

Saa kumi alfajiri Hamazasp ameshavaa koti
juu ya nguo za kulalia, viatu mkononi,
anatafuta mlango wa duka la kinyozi
tulilolifunga miaka kumi na tisa iliyopita.
"Wateja wananingoja," asema.
Zamani nilibisha. Nilimwonyesha kalenda,
nikamwonyesha mikono yake inavyotetemeka.
Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa jina.

Sasa navuta kiti karibu na jiko la kuni,
najifunga taulo shingoni,
nampa wembe nilioutoa makali.
Mkono ukishika kazi hautetemeki.
Vidole viwili vyainua kidevu changu,
povu lapanda shavuni, vuguvugu,
naye aanza maneno ya kinyozi: bei ya makaa,
reli, nani kaozesha binti.

Kisha, chini chini, kama anayempa siri mgeni:
"Nina mke nyumbani. Nvard.
Nikichelewa hali mpaka nirudi.
Ana wivu kidogo. Anapika vibaya,
usimwambie mtu."

Nvard ni mimi.
Naitikia, "Ehe," povu likinisitiri uso.

Nimfanyie nini mtu huyu
anayenipenda mbele yangu na hanijui?
Msiba wa aliye hai hauna matanga.
Hakuna anayeleta viti, hakuna anayechinja,
majirani hawajui waseme pole au habari za asubuhi.
Eda yangu imeshaanza,
siku ya kutoka haijaandikwa.
Na kuna usiku mmoja, acha niutue,
alikohoa muda mrefu, nami nikalala nikihesabu,
sikuinuka kumpa maji.
Nilitaka kusikia kimya kinavyokuwa.
Kisha nikainuka. Akanywa.
Akasema asante, mama.

Jumanne Siranush wa ghorofa ya pili
huja kukaa naye saa mbili.
Binti yetu hupiga simu kutoka Marsei:
"Mama, pumzika. Nenda saluni."
Mimi huenda stesheni ya treni.
Nakaa kwenye benchi na aprikoti kavu mfukoni.
Sisafiri. Nausoma ubao wa safari
mpaka mtu aniulize saa,
nimjibu,
naye aamini.

Akimaliza kuninyoa humlipa dramu mia tano.
Hupekua mifuko, hunirudishia chenji:
kifungo, punje ya dengu, mara moja jino lake.
Vyote naviweka kwenye gudulia, juu ya kabati.

Leo amenifumba kiganja na sarafu yangu ndani.
Amenifuta povu nyuma ya sikio,
polepole,
mahali ambapo povu halikufika.
"Leo bure, bwana," amesema.
"Una uso wa mtu aliyekesha."