Juzuu ya Thelathini na Moja

Jumanne, kabla sijainjika birika,
kabla sijakung'uta taulo za jana,
Bwana Kudo keshagonga kioo.
Nywele hana. Mwaka wa nane huu hana,
kinyozi na yeye hatudaiani kitu.
Amekuja kwa ajili ya Suzuyo.

Theluji imefika kingo ya dirisha hapa Yokote.
Amekwenda stesheni mwenyewe, kwa miguu,
akalipokea gazeti la katuni likiwa bado na kamba,
akalileta kifuani, ndani ya koti,
kama mtu aliyeokota kifaranga.

Miaka kumi na tisa Hideomi anataka kumwambia.
Neno moja tu, na ulimi hauna mfupa!
Juzuu ya tatu, alipiga chafya.
Juzuu ya tisa, king'ora cha zimamoto.
Ya kumi na nne alisema, alisema kweli, kwa sauti,
akauambia mlango: Suzuyo alikuwa keshashuka ngazi
kumkimbiza paka aliyeiba samaki wa bibi yake.
Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki.
Basi hawa wawili wana mapafu ya chuma.

Tunaokohoa ni sisi.
Wakana, binti wa muuza tofu, alianza kusoma
akiwa amekalia ubao juu ya kiti changu ili kichwa kinifikie.
Leo ana mimba ya miezi saba, na bado
akifika ukurasa wa mwisho humpiga kofi la goti
yeyote aliyeketi karibu, hata mgeni.
Mwalimu Ogasa huja na penseli,
huhesabu kila mahali mikono yao ilipokaribiana:
mara mia mbili na sita.
Kugusana, nne.
Moja kati ya hizo nne anaipinga; anasema ni glavu.

Na yupo Bi Fusae, peke yake, upande wa Chigusa,
yule msichana wa duka la miwani
aliyeshindwa tangu juzuu ya kumi na moja.
Sisi twajua kashindwa. Bi Fusae ajua.
Lakini kila ifikapo siku aliyozaliwa huyo binti wa wino
huleta keki, huikata vipande saba,
na atakayecheka hapati.

Jumanne hii: daraja, mvua, mwavuli mmoja.
Wakana anasoma kwa sauti, sisi tumemzunguka,
mkasi wangu umesimama hewani,
kijana wa benki kanyolewa upande mmoja.
Suzuyo anageuka. Hideomi anafungua kinywa,
na ndani ya kiputo cheupe, herufi mbili:
*Mi—*

Halafu, chini, kwa maandishi ya sisimizi:
wiki ijayo mchoraji atapumzika.

Lahaula! Mwalimu kasimama, kaketi, kasimama.
"Mimi! Anaanza na mimi!" Wakana analia na kucheka.
"Miwani," kasema Bi Fusae, mikono mapajani.
"Anataka kusema miwani."
Kijana wa benki, ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa,
anauliza tangu mwanzo ni juzuu ngapi,
na kama anaweza kuazima tano.

Ndipo Bwana Kudo akasema, kwa sauti ndogo,
"Asiseme."
Tukamgeukia.
"Mimi nilistaafu Machi," akasema.
"Akishasema, Jumanne itakuwa siku gani?"

Jiko la mafuta liliguna.
Hakuna aliyekuwa na jibu; nami nikakumbuka
nusu ya kichwa iliyokuwa ikinisubiri.

Jioni nilifagia nywele, zake yule kijana tu.
Nikalifungua gazeti ukurasa ule.
Pembeni mwa mwavuli, pale vidole vyao
vinaposhika, au havishiki, mpini mmoja,
nilikuta penseli ya mwalimu:
mia mbili na saba,
na alama ya kuuliza
iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.