Mapipa Mawili

Lagat anabisha: roli zilikuwa za mpira, si za mbao.
Namwonyesha kidole. Ukucha niliuacha humo,
jikoni kwa Bi. Harries, Milimani ya Nakuru.

Na ilitembea, mashine ile! Ikikausha
ilitetemeka hadi mlangoni kama mgeni asiyeaga,
sisi wawili tumeikalia tuizuie,
shuka za watu zikivuma chini ya makalio yetu.

Mama aliiendesha miaka tisa.
Zetu alizifua kwa mkono.

Hii tumeinunua Bondeni, kwa kilo,
kwa muuza vyuma: chapa ya Uingereza,
kutu, waya umeliwa na panya.
Tumeichomeka. Ikakohoa mara moja,
taa za ploti nzima zikazimika.

Gizani Lagat kaingiza kichwa, ananusa.
“Wewe,” anasema, “bado sabuni.”