Tangazo la Ganjoni

Andika, asema Bi Shekue, na herufi ziwe kubwa.
Nami nimekalia dumu la mafuta,
kipande cha boksi la majani ya chai magotini.
INAUZWA. Hilo ni jepesi.
Gari la Kitaliano, milango miwili, mwaka sitini na nne,
limeundwa Turini, mji ninaoujua
kwa herufi za shaba tu, chini ya boneti,
nizisuguazo kila mwezi kwa limau na majivu.

Rangi?
Andika samawati.
Bibi, samawati ilikuwa. Chumvi ya hapa
imeulamba ubavu mmoja kama mbuzi alambavyo ukuta,
iliyobaki ni samawati ya maji ya tatu ya kufulia.
Basi andika samawati. Watakuja, wataona.

Usukani uko kushoto, upande wa moyo.
Ndiyo maana marehemu Basheikh,
kila walipovuka Likoni kwa gari hili,
pesa alitoa yeye, mkono wa kulipa ulikuwa wa mkewe,
na chenji haikurudi hata siku moja.
(Hili niliandika. Alicheka. Nikalifuta.)

Kihesabu maili kiligoma karibu na Mariakani,
safari ya kwenda kuzika Voi.
Elfu tisini na moja, mia nne na sita.
Tangu hapo gari halizeeki,
ni sisi tu.

Injini ni yake. Kabureta moja yake,
nyingine ya jamaa yake wa mbali.
Gaskiti nimezikata kwa mkasi wa cherehani.
Kiti cha nyuma hakijapata kukaliwa na mtu mzima
akashuka bila lawama;
kimebeba vitunguu, mapazia ya harusi,
na usiku mmoja mtoto aliyekuwa na haraka
akafika kabla ya hospitali.
Mtoto huyo ndiye aliyepiga simu kutoka Dubai:
Mama, liuzeni.

Na kutu uandike, asema. Sili pesa ya mtu
kwa kumfumba macho.
Nikaandika: miguuni pa abiria pana tundu
la kupitisha yai. Ukienda kasi utaiona barabara.
Bei nikaiweka chini kabisa, kwa penseli.

Alhamisi akaja Bwana Wamahiu kutoka Nairobi,
viatu havina vumbi, tochi ndogo mfukoni.
Akaligonga bodi kwa kidole
kama achaguaye tikiti maji.
Akasoma boksi langu mara mbili,
akataja nusu ya bei, kwa sauti ya kufariji.

Huyu yuwataka gari, akaniuliza Bi Shekue,
au yuwatoa rambirambi?
Hakungoja jibu. Alikunja buibui,
akaingia upande wake wa kulia.
Washa. Mama Ngina, na kurudi.
Wewe mgeni, nyuma.

Likakohoa. Likakataa. Likakohoa tena,
likaitika,
na muuza mahamri wa pale kona akageuka
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Miaka thelathini na mmoja nimelitengeneza gari hili,
sijaliendesha kupita ule mtaro.
Gia ya tatu haitaki nguvu, yataka kubembelezwa;
mikono yangu ilijua, mimi sikujua kuwa inajua.
Bi Shekue hakusema neno.
Aliteremsha kioo, akatoa mkono nje,
kiganja wazi,
kama angojaye chenji.
Nyuma, magoti kidevuni, Bwana Wamahiu
alinyamaza vizuri.

Tuliporudi nilizima. Alikaa kwanza.
Kisha: Fundi Salmini, lile boksi liko wapi?
Futa bei. Ongeza laki mbili.
Na lile tundu, Bibi? Nilizibe?
Akatazama miguuni pake, sarufi za vumbi juu ya kandambili.
Liache. Ndilo liingizalo upepo.