Mita Kumi na Saba

Karibu kituoni, Anahí. Vua saa, vua pete:
pete ilimvua Ruperto kidole, ngazini, mwaka juzi.
Ndoano yako ni ya ishirini na sita,
kati ya mwoka mikate na karani wa bandari asiyejua kunyamaza.
Hapa Valparaíso hatulipwi kuzima moto.
Sisi ndio tunaolipa: ada kila mwezi, kwa Bwana Ulloa,
naye atakudai
hata kama jana ulitoka umeungua nyusi.

Usicheke. Ndivyo mji ulivyojipanga.
Wa Kwanza wana ngazi ndefu, na majivuno marefu kuizidi.
Wa Saba hukata vyuma, magari yakipondana njia ya Santiago.
Wa Tisa wana suti za kemikali,
wanatembea kama vifaranga walionyeshewa.
Sisi ni Wa Sita: maji na vilima.
Gari letu ni fupi kwa makusudi,
maana vichochoro vya huku juu vilichorwa na mbuzi.

Kengele ikilia, afikaye kwanza ndiye mkuu
mpaka afike mkuu wa kweli.
Nahodha wetu hufundisha hesabu. Luteni ni binti yake;
nyumbani hawasemezani,
motoni anamwita "Nahodha", na sauti haitetemeki.
Dereva peke yake ana mshahara,
ndiyo maana ndiye anayelalamika.

Fungua mlango wa kushoto. Funga macho.
Shoka. Nguzo ya kulabu. Spana ya bomba la mtaani, baridi kama samaki.
Mitungi ya hewa sita: dakika thelathini kwa maandishi,
kumi na nane kwa mtu mwenye hofu.
Ukikosea mahali pa spana gizani,
mtu aliye ndani atakohoa kwa niaba yako.

Sasa mipira. Ishirini na miwili, kila mmoja mita ishirini.
Isipokuwa huu wa kumi na nne. Ushike.
Uliungua ncha, tukaukata, tukaufunga kiungio kipya:
mita kumi na saba.
Nikasema nitauandika kesho.

Kesho ikawa Jumamosi, na Jumamosi nina mke na deni.
Jumapili upepo ulishuka kilima cha Las Ortigas
ukiwa na moto mgongoni.
Bomba la karibu liko chini kabisa, kwa muuza mishumaa.
Tuliunga mipira saba kwenye vidato, tukipanda tukihesabu:
ishirini, arobaini, sitini,
mia na arobaini, inatosha, tunaingia mlangoni.

Hatukuingia.
Mpira ulinyooka, ukakaza, ukanivuta bega nyuma
kama mtoto anayekataa kwenda shule.
Nilisimama langoni mwa Bi Hortensia,
upepo ukiyarudisha maji yote kwenye mawaridi yake.
Yaliloa vizuri sana, yale mawaridi.
Nyuma yake cherehani, kabati, magauni mawili ya harusi za watu.
Alikuwa nje, paka ndani ya sweta.
Akanishika mkono, akauliza, bila hasira, akitaka tu kujua:
"Kijana, kwa nini unamwagilia maua?"

Wazee wa nidhamu walinisimamisha siku tisini.
Niliporudi, Nahodha alinipa ufunguo wa stoo.
Mpaka leo sijui ilikuwa adhabu au nini,
na hajawahi kusema, na mimi sijamwuliza.
Alama nyekundu hiyo nimeipaka mwenyewe.
Huipaka upya kila Machi, hata ikiwa haijafifia.

Haya. Utepe wa kupimia uko kwenye msumari.
Anza na mpira wa chini, utandaze hadi nje barabarani,
magari yatasubiri.
Usiniambie ishirini kwa kuwa nimekwambia ishirini.
Piga goti, soma namba,
kisha uniitie kwa sauti, nikiwa hapa na kalamu.